Barua kwa Mama Shani

Kibirizi, Kigoma
8 Oktoba 2025

Shoga yangu Mama Shani,

Mwakeye. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na watoto. Sisi huku hatujambo. Joto tu ndilo linatutesa, na mawingu ya mvua yameanza kujikusanya upande wa Kongo.

Ujumbe wako wa juzi usiku niliusoma nimeshajilaza, nikainuka nikakaa. Unasema miaka 20 imepita tangu tumalize kidato cha nne na huna cha kuonyesha. Ukanitajia fulani na ghorofa yake, fulani na gari lake, halafu ukaniuliza kama mimi najiona nimefanikiwa. Nilianza kukujibu kwa simu, nikafuta mara tatu. Wiki hii nina nafasi ya kukaa na kalamu, maana mwezi ni mpevu na wavuvi wamepumzika.

Wewe umeondoka siku nyingi, huenda mambo ya mwaloni, hapa mitumbwi inaposhusha samaki, yamekutoka. Dagaa wetu huvuliwa gizani. Taa ndiyo inayowaita, na mwezi ukiangaza ziwa zima, taa haina tena nguvu. Kwa hiyo kila mwezi zipo siku mitumbwi inalala nchi kavu. Nilipoanza biashara hii, siku hizo na mimi nililala. Sasa ndizo siku ninazoshona wavu wa chanja, ile meza ya miti ya kuanikia dagaa, kung'oa miti iliyoliwa na mchwa, na kupitia daftari kuona nani ananidai na nani ninamdai.

Daftari lile la kwanza ulininunulia wewe, unakumbuka? Sasa niko la nne. Kila jioni naandika mabeseni mangapi nimenunua, kwa bei gani, wamekaukaje, wameenda kwa nani. Nisiponunua naandika "mwezi", au "mvua", au "mtoto anaumwa". Mwaka jana ziwa lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, niliandika "ziwa limefungwa" mpaka mkono ukazoea. Chini yake naandika nilichofanya siku hiyo: chupa ngapi za mawese nimeuza, hisa ngapi nimeweka kikoba, kile kikundi chetu cha akiba na mikopo. Nilikuwa nimezoea kununua hisa tano kwa wiki. Miezi ile nilinunua moja, lakini sikuacha wiki hata moja. Ziwa lilipofunguliwa nikaenda kuomba mkopo wa kununulia mzigo, nikapewa siku ileile.

Sikuwa hivi zamani, na wewe ni shahidi. Mwanzoni nilikuwa naanika mchangani kama wengi. Kuna mama mmoja wa sokoni Tabora nilimpelekea gunia, akanipigia simu akaniambia, "Mwanangu, wateja wangu wanatafuna mchanga." Hakunitukana. Aliyasema hayo, akanyamaza, akakata simu. Nilikaa pembeni ya yale magunia mengine mawili nikashika dagaa kiganjani, nikawasugua, na mchanga ukabaki kwenye mistari ya mkono wangu. Nilikuwa nimeuona siku zote. Nilikuwa nasema kesho nitajenga chanja.

Chanja ya kwanza ilikuwa ya miti na wavu mkuukuu, urefu wake kama kitanda. Nilianika juu yake kilichoenea, kilichobaki nikakataa kukinunua, nikakosa pesa kweli. Ikaja ya pili, ya tatu. Dagaa wa chanjani wanataka kugeuzwa jua likiwa kali, saa ambayo kila mtu yuko kivulini. Unapitisha mikono chini yao taratibu, kwa sababu ukiwavuta vichwa vinakatika, na mnunuzi akiona vichwa vimejaa chini ya gunia anashusha bei. Ukiacha siku moja tu kwa uvivu, upande wa chini unavunda, na harufu yake inaingia kwenye gunia zima.

Sasa nikujibu ulichoniuliza. Yule mama wa Tabora siku hizi ananitumia pesa kabla hajaona mzigo. Haulizi. Simu inalia, naona hela imeingia, naenda mwaloni. Nyumba yangu bado ni ya vyumba viwili na kimoja hakijapigwa plasta, lakini pesa ile ikiingia, shoga, mimi najiona nimefanikiwa, na nimeridhika kusema hivyo mbele ya yeyote.

Umesikia Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, amefariki wiki iliyopita? Boti za Gombe zinaondokea hapahapa kwetu, kwa hiyo wiki nzima tumemzungumza. Alifika Julai 1960, ana miaka 26, na kwa miezi sokwe walikuwa wakimwona wanakimbia. Novemba ndipo alipomwona mmoja, aliyempa jina la David Greybeard, akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu, akivua mchwa kama sisi tunavyovua dagaa. Siku hiyo ndiyo inayotajwa dunia nzima. Mimi nafikiria Agosti na Septemba, alivyokuwa akipanda kilima asubuhi akijua watamkimbia tena.

Na ninapofikiria hivyo, ninakuona wewe. Desemba nilipolala kwako Mbagala nilikusikia ukiamka saa sita, saa nane, na saa kumi. Nilijifanya nimelala. Nilikuona unamgeuza mama kwa ile shuka iliyokunjwa, unamwekea mto katikati ya magoti, unampapasa kisigino kuona kama kimepata joto. Asubuhi tulipomwogesha niliutazama mgongo wake. Miaka sita tangu kiharusi kimlaze, na ngozi ni laini, haina kidonda hata kimoja. Yule nesi jirani yenu aliyekuja kumpima presha aliutazama, akarudia kuutazama, akauliza nani anamhudumia, na wewe ukaenda jikoni kuangalia chai. Mama Shani, ukiniambia huna cha kuonyesha, mimi naukumbuka ule mgongo.

Najua pia kwamba umechoka, na sifa haziondoi uchovu. Ijumaa shemeji yako anapanda treni kuja huko. Nimempa dagaa ndoo moja, wa chanjani wote, na mawese dumu la lita tano. Cherehani yako ikiendelea kusumbua, niambie fundi anataka kiasi gani.

Na mimi nakuja. Mwezi utakuwa mpevu tena mwanzoni mwa Desemba, mitumbwi haitatoka, na chanja zangu nitamwachia binti. Nitakaa siku kumi. Nitandikie mkeka chumba cha mama, wewe ulale kile cha watoto na ufunge mlango. Saa sita, saa nane na saa kumi zitakuwa zangu.

Msalimie mama, mwambie Mama Riziki wa Kibirizi anamshika mkono.

Ndimi shoga yako,
Mama Riziki