Barua ya wazi kwa Shangazi: kuhusu 52 kutoa 27

Shikamoo Shangazi,

Nilipokuja kukuaga kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, uliniambia neno moja ambalo lilinikaa kichwani wiki zote nane: mtoto akikosa hesabu, mrudishie mara kumi, atanyooka. Umefundisha miaka mingi kuliko niliyoishi duniani, na sikuwa na ujasiri wa kukubishia uso kwa uso. Ndiyo maana nakuandikia, tena hadharani, kwa kuwa wapo wenzangu wanaojiandaa kwenda vijijini na huenda nao wameagwa kwa neno hilo hilo.

Nilipangiwa shule ya msingi ya kijijini, darasa la nne, somo la Hisabati. Wanafunzi walikuwa 68 katika chumba kimoja, na wa nyuma kabisa waliandikia magotini. Hayo sitakuchosha nayo, unayajua kuliko mimi.

Wiki ya kwanza niliandika ubaoni 52 − 27, nikitegemea kwamba tungetumia dakika chache kukumbushana mambo ya nyuma kisha tuendelee na azimio la kazi. Jioni, niliposahihisha madaftari, zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wameandika 35. Nikafanya ulivyoniagiza: nikatoa maswali kumi ya aina hiyo, na kesho yake nikapokea kosa lile lile mara kumi, safari hii kwa mwandiko mzuri zaidi.

Siku ya tatu nilimwita mezani msichana mmoja ambaye hakuwa mzembe hata kidogo, daftari lake lote limepigwa mstari kwa rula, nikamwuliza amepataje 35. Alinitazama kwa wasiwasi, maana mwalimu akiuliza "umepataje," mtoto hujua kwamba keshakosa. Kisha akaeleza kwa sauti ndogo: "Mbili kutoa saba haiwezekani, kwa hiyo nimechukua saba nikatoa mbili, ikabaki tano. Halafu tano kutoa mbili, tatu." Shangazi, mtoto yule alikuwa na sheria yake na aliifuata bila kuteleza, na sheria yenyewe tulimpa sisi walimu, tuliomwambia tangu mdogo kwamba namba kubwa haitoki kwenye ndogo. Maswali yangu kumi yalikuwa yamemsaidia kuizoea tu.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha uchambuzi wa makosa ya namna hii katika hesabu za kutoa, wakayafananisha na kasoro zilizojificha ndani ya programu ya kompyuta: mtoto hatendi ovyo, anafuata kwa uaminifu utaratibu wenye hitilafu. Ningelijua hilo mapema, ningeokoa kalamu nyekundu kadhaa.

Kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kulifikiria mpaka niliposimama mbele ya darasa. Tunaposema "kumi na mbili," mtoto anasikia kumi na anasikia mbili. Lakini hamsini haimtajii tano, wala ishirini haimtajii mbili, kwa sababu majina hayo yametoka katika Kiarabu wakati mbili na tano ni za Kibantu. Sitini, sabini na tisini zina nafuu, kwa kuwa sita, saba na tisa nazo zina asili ya Kiarabu. Basi nikaanza kuwasomesha 52 kama "makumi matano na mamoja mawili," nikawaagiza kila mmoja aje na vijiti. Sijapata kuona zana za kufundishia zikipatikana upesi namna ile. Asubuhi yake sakafu haikuonekana kwa vijiti.

Tulivifunga kumi kumi kwa nyuzi, na vitita kumi tukavifunga pamoja kuwa mia. Mwanzoni nilisema, kama nilivyofundishwa, kwamba mamoja "yanakopa" kwa makumi. Mvulana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, tutalipa lini?" Darasa likacheka, mimi nikakosa jibu, maana kwa kweli hakuna kinacholipwa. Tangu siku ile tukasema "kufungua kitita," na yule msichana wa rula akafungua kimoja, akahesabu vijiti kumi na viwili, akatoa saba, akabakiwa na vitano na vitita viwili.

Nilidhani nimemaliza, ndipo nikawapa 400 − 126. Wengi wakaandika 284, yaani jibu limezidi kwa kumi barabara. Walikuwa wamefungua mia moja, kisha kila sifuri ikageuka kumi, kana kwamba mia ile ilifunguliwa mara mbili. Nikawaacha waone kwa mikono yao: mia ikifunguliwa ni vitita kumi, na kimoja kikishafunguliwa vinabaki tisa. Ile tisa ndiyo iliyokuwa imepotea.

Kipindi hicho ndicho mkufunzi aliyekuja kunikagua alikikuta. Andalio langu la somo lilisema mifano mitano, nami nilimaliza mmoja, akanikata alama. Sina kinyongo naye, ingawa bado naamini ule mmoja ulistahili.

Nisikuonee, Shangazi. Kwenye jedwali la kuzidisha ulikuwa sahihi kabisa. Asiyejua saba mara nane kwa kichwa hutumia nguvu zake zote hapo, na anapofika kwenye swali lenyewe amekwisha choka. Kwa hilo niliwakaririsha kila asubuhi, mara kumi na zaidi.

Ila nina swali ambalo nimekuwekea. Miaka yote ile uliyofundisha, ulipofika kwenye hesabu kama 52 kutoa 27, uliwaambia watoto wanafanya nini na lile kumi: wanalikopa, wanaliazima, au ulikuwa na neno lako mwenyewe?