Gari la mjomba limewaka

Tanga,
Jumatatu usiku

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na wote hapo nyumbani kwako uwape zao. Sisi huku hatujambo, tunashukuru. Niliahidi kukuandikia habari za harusi ya dada, lakini hizo zitangoja. Nimetoka Sahare kwa mjomba jioni hii, mikono bado inanuka grisi, na nina jambo ambalo siwezi kumwambia mtu mwingine, maana wewe peke yako utalielewa pande zote mbili, upande wa gari na upande wa mjomba.

Unamkumbuka mjomba, yule mstaafu wa bandarini aliyetuandalia chai na mihogo siku tuliyomaliza mtihani wa chuo cha ufundi, VETA? Bado ana gari lile lile, Corolla nyeupe ya mwaka 1998, injini ya 5A, otomatiki. Alilinunua kwa kiinua mgongo chake na hajawahi kumwachia mtu usukani. Alhamisi baada ya magharibi akanipigia simu. "Mjomba, gari limegoma kabisa. Betri nimeweka mpya, staata nimebadilisha, bado linasema ka, ka, ka. Na Jumatatu mkaza mjomba wako ana kliniki hospitali ya Bombo." Hakusema njoo. Yeye hana kawaida ya kuomba, ndiyo maana nikajua mambo yamemfika shingoni.

Nikaenda Ijumaa baada ya swala. Hata shikamoo haijatulia, akanipa mfuko wa nailoni wenye risiti mbili. Betri shilingi 180,000. Staata ya mtumba 120,000. Bado hela ya fundi wa mjini, aliyekuja mara mbili, akabadilisha hivyo vitu viwili, gari likakataa, na simu yake ikawa haipokelewi. Wewe unajua pensheni ya mtu kama mjomba inavyokwenda. Nilizishika zile risiti nikahisi uzito wake, kwa sababu sasa kila kitu nitakachomwambia nunua, atanunua kwa kukopa.

Nikaanza kazi, na hapo ndipo ilipoanza adha yenyewe. Gereji, mteja anakaa nje kwenye benchi anasubiri. Gari la mjomba liko uani chini ya mwembe, na kila anayepita ana neno. Jirani wa kushoto alishikilia kwamba ni pampu ya mafuta. Injini haizunguki kabisa, staata inagonga tu, pampu ya mafuta inaingiaje hapo? Nikamweleza kwa upole, akaondoka, akarudi na mtu mwingine wa kumuunga mkono. Halafu wakaja vijana wanne wakitaka kulisukuma. Nikawaambia otomatiki haliwaki kwa kusukumwa: pampu ya mafuta ya gia inazungushwa na injini yenyewe, injini ikiwa imekufa hakuna presha, na magurudumu hayawezi kuizungusha. Mjomba akasema, "Waache wajaribu, mjomba, huenda." Ningefanyaje? Mteja ningemkatalia. Mjomba aliyenilipia ada ya mwaka wa pili siwezi kumkatalia mbele ya watoto wa mtaani. Wakasukuma mpaka kwenye mnazi wa jirani, wakasukuma kurudi. Nusu saa imekwenda, na jasho lao nalo likadai soda.

Kosa langu mimi, nalisema wazi, ni kwamba niliyaamini maneno ya fundi wa kwanza. Alishasema nyaya kubwa ameziangalia, ziko sawa. Basi nikaziacha. Mita ilionyesha betri ina volti 12.6, safi kabisa. Terminali zote mbili zimebana, zimesuguliwa zinang'aa. Nikajaribu gia kwenye N, yaani gia huru, ka. Nikafungua chini ya usukani nikapima swichi ya ufunguo, nikapima rilei, nikatoa fyuzi moja moja. Nililala chali kwenye sakafu ya gari mpaka maghrib, shingo imekunjika, tochi ya simu mdomoni, na mjomba amekaa kwenye kigoda karibu na mlango hasemi kitu. Kila nikivuta pumzi nzito alikuwa anauliza, "Umeiona?" Swahiba, lile swali lilinichosha kuliko kazi. Si kwamba aliuliza vibaya. Aliuliza kwa matumaini, na mimi sikuwa na cha kumpa.

Usiku nilikula wali kwa samaki ambao sikusikia ladha yake. Mkaza mjomba akasema taratibu kwamba Jumatatu watachukua bajaji, si neno. Mjomba akanyamaza. Nilijua analihesabu lile neno. Mama yule magoti yake hayapandi bajaji bila maumivu, na mjomba alinunua gari kwa ajili hiyo hasa.

Jumamosi niliamka alfajiri kabla wapita njia hawajaamka, na naamini ule ukimya ndio ulionisaidia. Bado kulikuwa na giza. Nikawasha taa kubwa ili nione mbele, halafu nikapiga staata. Ka. Taa hazikufifia. Ziling'aa ukutani vile vile, hazikutetemeka hata kidogo. Nikarudia mara tatu, nikasimama pale nimeduwaa. Unakumbuka mwalimu wetu alivyokuwa akituuliza hili? Staata ni mlaji mkubwa. Ikiwa imeshikilia betri sawasawa, taa lazima zififie. Taa zisipofifia, maana yake umeme haufiki, au unafika na hauna njia ya kurudi.

Nikamwamsha mtoto wa mjomba apige staata, mimi nikafungua boneti. Nikashika waya wa ekseleta, ule wa chuma unaotoka kwenye kanyagio mpaka kwenye injini. Wa moto! Asubuhi ya baridi, injini haijawaka siku kumi, waya wa ekseleta wa moto. Umeme ulikuwa unatafuta njia ya kurudi kwenye bodi, umekosa barabara kuu, ukajipenyeza kwenye kile kiuzi. Mwili ulinisisimka. Nikaweka mita, ncha moja kwenye bloku ya injini, ncha moja kwenye hasi ya betri. "Piga!" Volti 5. Hata volti moja ilikuwa nyingi, na mimi naona 5. Ethi ya injini, yaani ule waya mnene wa kurudisha umeme kwenye betri, ni kama haipo.

Nikachukua nyaya za kubusti, nikabana upande mmoja hasi ya betri, upande mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. "Piga tena." Staata ikazunguka kwa nguvu, na gari likawaka kwa mzunguko wa pili, swahiba, wa pili! Mjomba alitoka ndani na msuli na fulana, miguu mitupu.

Nikaingia chini kuutafuta ule waya. Kwa juu, pale kwenye betri, mzima na mweusi, mtu yeyote angeupitisha, na ndiyo sababu nimemsamehe kidogo yule fundi, kidogo tu. Unatoka kwenye betri, unapita kwenye bodi, halafu unashuka mpaka kwenye gia boksi, umefungwa kwa bolti ya spana 12. Huko chini ganda lake limetuna kama kidole chenye jipu. Nilipolichana kwa kisu, shaba ndani haikuwa shaba tena. Ilikuwa unga wa kijani, unamwagika kiganjani, na nyuzi tano au sita tu zilizobaki zimeshikilia. Sahare unaijua, bahari iko hapo hapo. Chumvi imeingia mwishoni mwa waya miaka yote hii na kupanda taratibu ndani ya ganda, huku nje hakuna alama.

Nimeukata, nimeunga kipande cha kebo ya zamani niliyokuja nayo, nimesugua kwa msasa pale bolti inapokaa mpaka chuma kikawa cheupe. Nikapima upya wakati wa kupiga: volti 0.1. Kazi ilichukua dakika arobaini. Dakika arobaini, baada ya siku nzima na shilingi 300,000!

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma. Mjomba alikaa ndani ya gari na hakutaka kulizima. Mkaza mjomba akamwambia mafuta yanakwisha, yeye akasema, "Liache kidogo lichaji." Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, gari limesimama. Baadaye akaniuliza bila kunitazama, "Kwa hiyo ile staata yangu ya zamani, ilikuwa mbovu?"

Ningeweza kusema ndiyo, na moyo wake ungetulia. Nilifikiri sana, wakati ambao yeye labda aliuona mrefu. Halafu nikamwambia ailete. Alikuwa ameihifadhi kwenye kiroba jikoni, nyuma ya mkaa. Nikaikanyaga kwa mguu pale chini, hasi kwenye mwili wake, chanya kwenye bolti kubwa, nikagusisha ile ndogo. Ikaruka ikazunguka kwa mlio mmoja safi. Betri ya zamani ilishaachwa kwa fundi, hiyo hatutajua kamwe.

Hakukasirika. Aliitazama, akaikunja ndani ya kiroba polepole, akasema, "Basi tuna akiba." Akaenda kutia udhu. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kama nilipaswa kumwonyesha. Sikutaka adanganywe mara ya tatu, na mimi niwe ndiye mdanganyifu. Lakini nimemwona mtu mzima akijihesabia hela yake kimoyomoyo, na sikuweza kumrudishia hata senti. Wewe ungefanyaje? Niambie kweli, usinipambe.

Leo asubuhi amempeleka mkaza mjomba Bombo mwenyewe, akamsubiri, akamrudisha. Mimi nilikaa nyuma. Alipofika hospitali alizima gari, akanitazama kwenye kioo, akaliwasha tena palepale, halafu akalizima.

Ombi langu kwako: kile kipande nilichounga ni cha muda, sikiamini kuvuka masika. Huko Arusha mnapata kebo nene ya betri ile iliyopakwa bati, nyuzi za shaba zake ni nyeupe, si nyekundu. Nitafutie mita mbili, na vichwa vinne vya tundu la bolti ya milimita 8, uvibane kwa ile mashine yenu, usivichomee. Funga kwenye bahasha, mpe dereva wa basi la Tanga, unitumie namba ya basi. Hela nitakutumia kwa simu, na mjomba asijue bei.

Nisalimie mama watoto.

Wako wa siku zote,
swahiba wako wa Tanga