Ziara ya nyumba kwenye simu ni ya kuchujia, si ya kulipia

Mhariri,

Matangazo ya nyumba za pembezoni mwa Kampala, kama Kira, Najjera, Namugongo na barabara ya Entebbe, siku hizi hayaji na picha tupu. Yanakuja na linki. Unaibonyeza, unajikuta sebuleni. Ukigeuza simu, sebule inageuka nawe. Ukibonyeza mshale ulio sakafuni, unaingia jikoni. Mwenye miwani ya uhalisia pepe anaivaa na kusimama katikati ya chumba. Kwa Mganda aliye kazini Doha au Boston, au mwalimu wa Arua anayetafuta nyumba Wakiso, hili ni jambo jema kabisa. Linaokoa nauli, siku za kazi na ile ada ambayo madalali hudai kila wanapokupeleka getini. Hatari inaanza pale mtu anapotuma malipo ya awali kwa sababu ya ziara hiyo peke yake. Ziara ya namna hii inafaa kupunguza nyumba kumi zibaki mbili. Kununulia haifai hata moja.

Kwanza mnunuzi ajue anatazama nini, maana vitu vitatu tofauti vinaitwa kwa jina moja. Kuna picha za nyuzi 360, zinazopigwa kwa kamera ndogo yenye lenzi mbili zilizopeana migongo, kisha programu ikaziunga kuwa duara. Picha hizo hazina kipimo chochote ndani yake. Kuna skani ya pande tatu, kama zile za Matterport, ambapo kamera hurusha miale isiyoonekana na kupima umbali wa kila ukuta. Hii ndiyo inayokuwezesha kuitazama nyumba yote kutoka juu kana kwamba paa limefunuliwa, na kuvuta mstari ukutani ukasoma urefu wake. Iliyopigwa kwa kamera maalumu hukosea kama asilimia 1 hivi, yaani sentimita 4 kwenye ukuta wa mita 4; iliyopigwa kwa simu hukosea zaidi. Ya tatu ni mchoro wa kompyuta wa nyumba ambayo bado ni msingi na nondo. Hiyo ni ahadi ya mjenzi, na ahadi hupimwa kwa mkataba na ramani iliyoidhinishwa, si kwa macho. Utaitambua kwa mwanga unaolingana kila kona, sakafu isiyo na vumbi, na madirisha ambayo nje yake hakuna jirani, hakuna nguzo ya umeme, ni anga na miti tu.

Kosa linalowagharimu wengi ni ukubwa wa vyumba. Lenzi pana husukuma kuta mbali, na ndani ya miwani picha ya kawaida ya 360 haina kina cha kweli, hivyo chumba cha kawaida huonekana kama ukumbi. Dawa yake iko sakafuni: hesabu vigae. Lenzi inaweza kukivuta kigae kikaonekana kirefu, lakini haiwezi kukiongeza. Ili kujua ukubwa wa kigae, tazama mlango wa chumba. Milango mingi ya ndani kwetu ina upana wa sentimita 90 hivi, kwa hiyo ukiona kigae kimoja na nusu kinajaza mlango, hicho ni kigae cha sentimita 60. Sasa hesabu kutoka ukuta hadi ukuta. Vigae sita ni mita 3.6. Kitanda cha futi sita kwa sita kinachukua mita 1.83, kabati linachukua sentimita 60, na kinachobaki ni mita 1.17 ya kupita. Hicho ndicho chumba chako kikuu, hata kama kwenye miwani ulihisi ungeweza kuweka na seti ya makochi.

Samani nazo zichunguzwe. Kochi na kitanda vinavyobandikwa kwa kompyuta mara nyingi huwa vidogo kuliko vya dukani, na vivuli vyake havifuati upande wa dirisha. Omba ziara ya nyumba ikiwa tupu. Dalali akisema haipo, hesabu vigae.

Mwanga ni mtego mwingine. Kamera hizi hupiga picha kadhaa, nyingine za giza na nyingine za mwanga mkali, kisha huzichanganya; chumba kisicho na dirisha la maana hutoka kinang'aa. Angalia balbu. Zikiwa zote zimewashwa mchana, omba picha ya saa nne asubuhi zikiwa zimezimwa. Uliza pia kila dirisha linatazama wapi. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, jua la alasiri linapiga ukuta wa magharibi mwaka mzima, na chumba cha kulala chenye dirisha upande huo hukaa na joto hadi usiku. Ziara haikuonyeshi hilo.

Kasoro za jengo baadhi zinaonekana ukijua pa kutazama, na hapa inafaa kutulia. Simama katikati ya kila chumba, inua macho kwenye pembe nne za dari, kisha vuta picha karibu. Doa la rangi ya chai lenye ukingo mweusi zaidi ni maji ya paa au ya bomba la juu. Dari ikiwa imepakwa rangi upya pembe moja tu, weupe wake utatofautiana kidogo na wa pembe nyingine; hapo palivuja. Shuka chini kwenye skatingi. Rangi iliyovimba, unga mweupe kama chumvi, au ukanda wa rangi mpya wa nusu mita kutoka sakafuni ni dalili ya unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa sababu karatasi ya kuzuia unyevu haikuwekwa au ilitoboka. Kigae kimoja kilichopasuka huenda kiliangukiwa na kitu. Mpasuko unaovuka vigae vitatu au vinne kwa mstari mmoja ni sakafu iliyosogea, na hilo ni suala la msingi. Nyufa za mshazari zinazoanzia pembe ya dirisha nazo ziandike.

Tahadhari moja: picha ya 360 ina mshono pale lenzi mbili zinapokutana. Hapo ukuta ulionyooka huweza kuonekana umekatika, na ufa wa kweli huweza kumezwa. Ukiona kitu cha shaka, nenda kituo kinachofuata, yaani mahali pengine kamera iliposimama, ukitazame kwa upande mwingine. Kikionekana kutoka vituo viwili, kipo. Vioo, milango ya kioo na marumaru inayong'aa pia huichanganya skani, ikaacha matundu meusi au chumba kisichokuwepo. Na kamera nyingi za skani zinazotumia miale ya infraredi hupofushwa na jua, ndiyo maana veranda na uwanja huachwa nje ya ziara bila mtu kukusudia kuficha.

Hata hivyo, kwa mnunuzi matokeo ni yaleyale: mshale unapokataa kwenda, hapo ndipo mtu wako atumwe kwa miguu. Mara nyingi ni uani. Kwenye vilima vya Kampala na Wakiso, nyumba nyingi zimekatwa ubavuni mwa mteremko na nyuma yake kuna ukuta wa kushikilia udongo. Ukuta huo ukiwa hauna matundu ya kutolea maji, au umeanza kubinuka katikati, mvua ya miezi miwili inatosha kuusukuma. Mtu wako atazame pia mifuniko ya chemba, lilipo tangi la maji taka, kama gari la kunyonya linaweza kulifikia, na ukubwa wa tangi la maji safi, maana maji ya bomba hupungua nguvu kadiri unavyopanda mlima.

Wizi wa ziara ni rahisi, kwa kuwa linki haina kufuli. Mtu anaweza kuchukua ziara ya nyumba ya nchi nyingine na kuiita ya Kyanja. Tazama soketi ukutani. Uganda inatumia soketi ya matundu matatu bapa ya mtindo wa Kiingereza. Ukikuta ya matundu mawili ya duara au ya pini mbili bapa, nyumba hiyo huenda haiko hapa. Tafuta mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla. Tazama grili za madirisha. Kisha linganisha kinachoonekana nje ya dirisha na picha ya setilaiti ya mahali ulipoambiwa nyumba iko: paa la jirani, bomba la tangi, mti mkubwa.

Hatua inayofuata ni simu ya video ya moja kwa moja, na iwe na masharti. Dalali, au afadhali ndugu yako, aanzie kwenye lami, apige video bila kukata hadi getini, uone upana wa njia na kama gari mbili zinapishana. Ndani afungue bomba la jikoni na la bafu la juu kwa pamoja, avute maji ya choo, afungue kabati la chini ya sinki, awashe taa kila chumba. Mwisho asimame kimya dakika mbili ili usikie. Baa, kinu cha kusaga na spika za ibada havionekani kwenye miwani. Simu ya pili ipigwe saa tatu usiku, na ya tatu baada ya mvua kubwa, hasa kati ya Machi na Mei au Septemba na Novemba, kwa sababu njia ya udongo mwekundu iliyopendeza Januari inaweza kuwa haipitiki Aprili.

Upande wa ardhi tutasema kwa ufupi, ingawa ndiko fedha nyingi hupotelea. Kwenye kompyuta fungua Google Earth, tumia kitufe cha picha za zamani, rudi nyuma miaka kumi au kumi na tano. Ukiona mahali pa nyumba palikuwa na mafunjo na maji, acha. Mwaka 2024 NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilibomoa nyumba katika ardhi oevu ya Lubigi, na kuwa na hati si kinga katika maeneo kama hayo. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinataka mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Viktoria. Nyumba zinazotangazwa kwa mandhari ya ziwa zipimwe kwa kipimo hicho kabla ya kupendwa. Omba namba ya bloku na ploti, au juzuu na folio kama ni hati ya kukodi, mwanasheria wako afanye upekuzi katika ofisi ya ardhi ya eneo husika. Mpima ardhi mwenye leseni afungue mipaka na kuyapata mawe yake. Kwenye mailo, yaani ardhi ya umiliki wa kudumu hasa katika Buganda, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na majirani waulizwe kama ndani ya hati hiyo kuna mwenye kibanja, yaani mkaaji wa ardhi hiyo anayelindwa na sheria, na mwenzi wa muuzaji atoe idhini kama ni ardhi ya familia. Asiye raia akumbuke kwamba hawezi kumiliki mailo wala umiliki huru, bali kukodi kwa miaka isiyozidi 99.

Na tangazo linaposema "futi 50 kwa 100, desimali 12.5", chukua kikokotoo. Ekari ina futi za mraba 43,560; desimali moja, yaani sehemu moja ya mia ya ekari, ni 435.6. Hamsini kwa mia ni futi 5,000, yaani desimali 11.5 hivi. Zile 12.5 zingekuwa futi 5,445. Tofauti ni mita za mraba 41, eneo la kuegesha zaidi ya magari mawili, na mnunuzi analilipia. Ziara huonyesha ukuta wa uzio, haionyeshi kwamba uzio na hati havilingani.

Kuhusu vifaa: huhitaji miwani ya bei kubwa. Simu inatosha, ila iwe na jairoskopu, kihisi kinachotambua simu inapogeuzwa. Simu nyingi za bei nafuu hazina, na picha haitageuka unapoigeuza, itabidi uisogeze kwa kidole. Ziara yenye vituo 40, kila picha ikiwa na megabaiti 5, inamaliza megabaiti 200, basi afadhali uifungue kwenye wifi. Ukivaa miwani, kaa kwenye kiti kinachozunguka na usizidishe dakika 15. Kichefuchefu kikikupata, utaharakisha vyumba vya mwisho, na vya mwisho ndivyo vinavyostahili macho.

Kwa wauzaji na madalali tuna ombi moja la dhati. Chini ya kila linki andikeni mistari mitano: tarehe ziara ilipopigwa, kama ni picha, skani au mchoro wa kompyuta, kama samani ni za kweli, namba ya bloku na ploti, na sehemu ambazo kamera haikuingia. Kuandika hayo ni kazi ya dakika tatu. Dalali mwaminifu hatapungukiwa na kitu, na mteja aliye Doha atajua ndugu yake aende kutazama nini Jumamosi.

Wakaguzi wa majengo,
Kira, Wilaya ya Wakiso