Niliingia bure, nikaambulia bure: barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salamu nyingi kutoka Magomeni, Mtwara mjini. Mimi ni fundi cherehani. Miguu yangu ilichukuliwa na polio kabla sijatimiza miaka minne, kwa hiyo nashona kwa cherehani ya mkono na kutembea kwa kiti mwendo. Sikuandikii kuomba kiti kingine, wala mtaji, wala mchele wa sikukuu. Nakuandikia kuhusu bembea.

Najua inavyosomeka. Mkoa una barabara, una korosho, una wanafunzi wanaokaa chini, halafu fundi mmoja anakuja na habari za bembea. Nivumilie kidogo.

Idi iliyopita niliwapeleka wapwa zangu wanne kwenye kiwanja kimoja cha burudani huku kwetu kusini. Sitakitaja jina. Mwenye kiwanja si mtu mbaya, na vya namna ile nimeviona mpaka Dar es Salaam. Kama umeshazoea mila za huku, unajua kwamba kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao mjomba si mgeni wa kuja na pipi akaondoka. Ukoo tunauhesabu kwa upande wa mama. Watoto wa dada yangu ni wanangu hasa, na sikukuu ikipita mjomba hajawatoa, maneno yatasemwa mpaka Idi ya pili. Nikawatoa. Nguo nilizishona mwenyewe, kitambaa kimoja kwa wote wanne, ili hata mmoja akipotea nimwone kwa mbali.

Mlangoni kijana akanitazama, akasema, "Mzee, wewe ingia bure. Watoto ndio walipe." Elfu tatu kila mmoja. Nikamwambia hela ninayo. Akasema, "Aa, mzee wangu, wewe Mungu ameshakulipia." Foleni nyuma yangu ikaitikia amina.

Tatizo ni kwamba huko kuingia kwenyewe kulinishinda. Pale langoni wamesimika mabomba mawili ya chuma, ya kuzuia bodaboda. Fundi hatembei bila futi, nikaivua shingoni nikapima mbele ya watu. Bomba hadi bomba, sentimita 58. Kiti changu, ukingo wa gurudumu hili hadi ukingo wa lile, sentimita 64. Bodaboda zimezuiwa, na mimi nimo. Wakaja vijana wakaninyanyua na kiti changu juu kwa juu, wakanipitisha kama wanavyopitisha jeneza kwenye mlango mwembamba. Walikuwa na nia njema. Siku ile kila mtu alikuwa na nia njema.

Ndani kuna treni ya watoto, ile ya mabehewa madogo inayozunguka mwembe. Mpwa wangu mdogo, wa miaka sita, akashikilia kwamba hapandi bila mjomba. Kabla sijafungua mdomo, vijana wawili wameshafika. Mmoja kanikamata kwapani, mwingine magotini. Shati likapanda mpaka kifuani, simu ikadondoka, mama mmoja akapiga picha. Nikawekwa ndani ya behewa, na kiti changu kikabaki juani.

Mzunguko wa kwanza, nakiri, nilifurahi. Wapwa walipiga makelele na mimi nikapiga. Treni ikasimama, watoto wakashuka, mimi nikabaki, kwa sababu wale vijana walikuwa wameshakwenda kula. Dereva akasema, "Mzee, zunguka tena, hakuna shida." Wapwa wakasimama pembeni wakawa wananipungia kila nikipita. Nilizunguka mara nne, Mheshimiwa. Mara ya pili walipunga wote. Mara ya tatu alipunga mmoja. Mara ya nne yule wa miaka sita alikuwa anaangalia viatu vyake.

Choo sikukifikia. Kina ngazi tatu, na mlango wake niliupima kwa macho tu, nikaacha kunywa soda.

Niliingia bure, nikaambulia bure.

Baada ya siku ile nilikaa na simu usiku kucha (kesho yake nilichelewesha suruali mbili, wateja wanajua) nikitafuta wenzetu wanafanyaje kwenye viwanja vikubwa, vile vyenye treni za kupaa na kushuka. Disneyland ya California ilifunguliwa mwaka 1955. Sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu ilikuja mwaka 1990, miaka 35 baadaye. Kwa maana hiyo na wao walijenga kwanza bila kutufikiria, ikabidi warudi nyuma kurekebisha. Ile safari yao ya boti za mtoni ina boti zenye kifaa cha kumshusha mtu ndani pamoja na kiti chake. Michezo mingine haiwezekani kufanywa hivyo, lazima mtu ahame kutoka kwenye kiti chake akae kwenye kiti cha chombo, nao hawalifichi jambo hilo. Kila mchezo umeandikwa mapema: huu unapanda na kiti chako, huu utahama. Mtu anajua kabla hajatoka nyumbani.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba wafanyakazi wao hawaruhusiwi kumbeba mgeni. Ni marufuku. Kama kuhama kunahitaji mkono wa mtu, unakuja na mtu wako, na wao wanakupa muda na nafasi ya kuhama. Nilisoma mara mbili. Huku kwetu kubebwa ndiyo huduma, tena tunatakiwa kushukuru. Kule wameona kwamba kumnyanyua mtu ambaye hujui mwili wake unauma wapi ni hatari kwake na kwa mgongo wako, na wakalazimika kutengeneza chombo badala ya kutafuta misuli.

Nisikupambie. Wana matatizo yao. Kadi waliyokuwa wakitoa kwa wageni wenye ulemavu waliifuta mwaka 2013 wakaja na utaratibu mpya, wakisema watu wazima na afya zao walikuwa wanaitumia kukwepa foleni. Ujanja hauna kabila. Mwaka 2024 masharti yakabanwa tena, na watu wenye ulemavu wengi wakalalamika kwamba wao ndio waliofungiwa nje. Lakini ona wanagombania nini: foleni. Sisi bado tuko langoni na bomba.

Kipo kiwanja kingine huko Texas, San Antonio, kinaitwa Morgan's Wonderland, kilifunguliwa mwaka 2010. Kilijengwa na baba mmoja, Gordon Hartman. Binti yake Morgan ana ulemavu, na siku moja wakiwa mapumzikoni alitaka kucheza na watoto wengine kwenye bwawa, wale watoto wakatoka majini wakamwacha. Yule baba akajenga kiwanja ambacho bembea yake inapanda na kiti mwendo juu, na farasi wa kuzunguka wana nafasi ya kiti katikati yao. Mwaka 2017 wakaongeza sehemu ya michezo ya maji, yenye viti mwendo vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, kwa sababu betri na maji havipatani. Mtu mwenye ulemavu halipi kiingilio. Hapo sasa bure ni bure ya kweli, maana ukishaingia kuna cha kupanda. Hata hivyo mimi wangenipa nafasi ningelipa. Kulipa kuna raha yake. Aliyelipa ana mdomo wa kulalamika.

Sikuombi ujenge San Antonio pale Shangani. Ninachoomba kinapimika kwa futi.

Chukua zile ngazi tatu za chooni. Kila moja tuseme sentimita 15, jumla 45. Kipimo cha njia ya mteremko kinachotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba kila sentimita moja ya kwenda juu inahitaji sentimita 12 za kwenda mbele. Zidisha: mita 5 na sentimita 40. Basi! Ni mchanga, kokoto, mifuko kadhaa ya saruji na fundi mwashi anayejua kusoma namba. Usipomsimamia atakujengea ya mita moja na nusu iliyosimama kama mnazi, aweke na vigae vya kung'aa juu yake, halafu ifunguliwe kwa kukata utepe. Nimeziona za namna hiyo. Zinafaa kuteremshia magunia.

Mlango wa choo uwe na uwazi wa sentimita 80 au zaidi, ufungukie nje. Yale mabomba ya lango yaachane sentimita 90, na bodaboda zizuiwe na mlinzi, ambaye yupo pale pale amekaa. Kwenye treni, behewa moja la mwisho litolewe benchi, liwekewe ubao wa kupandia na mikanda miwili ya kufungia kiti. Mchomeleaji yeyote wa hapa mjini hiyo ni kazi ya siku moja. Nimeshamuuliza mmoja, akacheka, akasema mbona ni kitu kidogo, nani alikukataza?

Hakuna aliyenikataza. Hakuna aliyeniuliza, vilevile.

Na si viti mwendo peke yake, ingawa mimi naona zaidi kiatu kinaponibana mimi. Mwenzangu mwenye ualbino anataka kivuli kwenye foleni, na kwa jua la Mtwara hilo si deko. Mtoto mwenye usonji hawezi spika tatu zinazopigana nyimbo tofauti. Hao watakuandikia wenyewe, wanajua zaidi yangu.

Boma la Mikindani walilijenga Wajerumani mwaka 1895. Hawakuniwazia, nami nimeshawasamehe, ni jengo la kale, ngazi zake ni historia. Lakini kiwanja ambacho zege lake halina hata miaka mitano nimsamehe nani? Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9, ni ya mwaka 2010, na inataka majengo na huduma za umma zitufikie. Mwaka mmoja kabla yake, 2009, nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 30 ya mkataba huo haizungumzii hospitali wala ajira. Inazungumzia burudani, mapumziko na michezo, na mtoto mwenye ulemavu kucheza kama wenzake. Wameandika mchezo kwa wino ule ule walioandikia shule.

Serikali, nikubali, inatukumbuka kwenye mkopo. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 ni zetu. Cherehani yangu ya pili inatokana na fedha hizo, na marejesho nimemaliza. Ninachoshangaa ni kwamba mtu mmoja anaaminiwa kurudisha mkopo, akifika kwenye bembea anageuka mzigo.

Sasa ombi lenyewe. Halmashauri ndizo zinazotoa vibali na leseni, lakini neno lako wanalisikia. Waambie kwamba kabla kiwanja chochote cha burudani mkoani hakijapewa karatasi yake, au haijahuishwa, mkaguzi apite na mtu mmoja mwenye kiti mwendo, kuanzia lango hadi choo. Asiwe mtu wa kusaini posho. Awe na futi. Panapomshinda paandikwe, mwenye kiwanja apewe muda wa kurekebisha. Na langoni liwekwe bango la kusema ukweli: huu unapanda na kiti, huu hupandi, choo kiko hivi. Bango la kusema "hupandi" halitaniudhi. Kinachoniudhi ni kulijua hilo nikiwa hewani mikononi mwa watu.

La pili ni Msimbati. Una ufukwe ule ndani ya hifadhi ya bahari, mchanga mweupe, watu wanatoka mbali kuja kuuona. Mimi nimezaliwa mkoa huu na maji yake sijawahi kuyagusa pale, kwa sababu magurudumu yanazama hatua ya tatu kutoka kwenye gari. Nchi nyingine wanatandika mikeka ya plastiki juu ya mchanga mpaka karibu na maji. Sisi hatuhitaji kuagiza plastiki. Mbao zilizofungwa kwa kamba, kama ngazi iliyolazwa, zinatandikwa asubuhi, zinakunjwa jioni. Seremala wapo. Tuanze na mita 30 tu, tuone nani atakuja. Nakuhakikishia watakuja na bibi zenye magoti mabovu, na akina mama wenye vigari vya watoto, na wavuvi wa pweza watakaotaka kukaa juu yake, hao itabidi wafukuzwe.

Mheshimiwa, ukimtuma mtu, aulize fundi wa kiti mwendo Magomeni, bodaboda yoyote itamleta mpaka kibarazani. Aje siku yoyote isipokuwa wiki ya mwisho kabla ya Idi, wiki hiyo siwezi hata kuinua kichwa. Futi ninayo, kiti ninacho, na mpwa wangu wa miaka sita amesema naye atakuja, ila treni hapandi mpaka aone nashukaje.

Wako katika kazi,

Fundi cherehani,
Magomeni, Mtwara