Barua kwa Mwanangu: Marubani wa Rufiji

Mwanangu mpendwa,

Mimi na mama yako hatujambo. Uliniuliza ni rubani gani wa kijeshi wa zamani ninayemvulia kofia, nami sitakupeleka mbali, kwa kuwa mambo yenyewe yalitokea kati ya Mafia na delta ya Rufiji.

Mwezi Septemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg iliizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, bandarini Unguja, kisha ikajificha ndani ya mikoko ya Rufiji, ambako meli kubwa za adui hazikuweza kuifuata. Waingereza wakamkodi Dennis Cutler, rubani wa kiraia aliyekuwa Durban, wakampa cheo cha jeshi la majini na kumleta pamoja na ndege ya kuelea majini hadi kisiwa cha Nyororo. Ndege ilikuwa kuukuu; rejeta yake ilipoharibika, ikabidi itafutwe ya gari la Ford kutoka Mombasa! Kwa chombo cha namna hiyo Cutler aliiona Königsberg, lakini mwezi Desemba injini ilimtupa mkono, akatua mtoni na kutekwa.

Akaja John Cull, ambaye ndege zake za kwanza zilishindwa na joto la kwetu hata gundi iliyoshikilia mbao ikaachia. Baadaye, kwa ndege nyingine, waliruka kutoka kiwanja kilichotengenezwa Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 Cull alizunguka juu ya delta huku mwenzake Arnold akizijulisha meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, kwa simu ya upepo, mahali makombora yao yalipokuwa yakiangukia. Ndege ikapigwa, injini ikafa, na hata walipokuwa wakiteremka Arnold aliendelea kutuma ujumbe kwamba shabaha isogezwe kuelekea mbele ya manowari. Ndege ilipinduka mtoni na Cull akanaswa na mikanda chini ya maji. Alijinasua kwa shida, wote wawili wakaokolewa na mashua ya Mersey. Siku hiyohiyo Königsberg ikawa imekwisha.

Wasimulizi humtanguliza Cull kwa kuwa ndiye aliyeshika usukani. Mimi namtanguliza Arnold, maana sijui ni wangapi kati yetu wangekumbuka kazi wakati ardhi inawajia.

Wajerumani waliiopoa mizinga ya Königsberg na kuitumia vitani nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, karibu na ule wa Pegasus. Ukipata likizo ya chuo cha urubani, kautazame.

Wako,
Baba