Barua kwa sahibu: kesi za vibali vya bastola Marekani

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa jamaa wote hapo Mombasa. Umeniuliza kama hukumu ya Bruen, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani ilitumia kufuta sharti la jimbo la New York la kupata kibali cha kubeba bastola, inaweza kumsaidia mteja wako aliyenyimwa kibali cha bastola. Haiwezi, na mwishoni nitakueleza kwa nini. Lakini namna kesi ile ilivyojengwa inafaa kusomwa na wakili yeyote anayepambana na ofisa aliyepewa uwezo wa kukataa bila kipimo.

Anza na sheria yenyewe. New York ilipitisha Sheria ya Sullivan mwaka 1911, na mwaka 1913 ikaongeza kwamba anayetaka kubeba bastola aliyoificha aonyeshe "sababu ya kutosha". Sheria haikufafanua sababu hiyo ni ipi. Mahakama za jimbo ndizo zilizosema kuwa ni haja ya pekee ya kujilinda, inayozidi ile ya raia wengine. Kuishi katika mtaa wenye uhalifu hakukutosha. Ilibidi uthibitishe vitisho au mashambulizi yaliyokulenga wewe mwenyewe. Ukikataliwa na kukata rufaa, uamuzi ulisimama almradi una msingi wowote wa kimantiki.

Sasa tazama walivyochaguliwa walalamishi. Wawili wa kaunti ya Rensselaer, watu wazima wasio na doa, wote wana leseni zenye masharti ya kuwinda na kulenga shabaha tu, wote wameomba masharti hayo yaondolewe na wamekataliwa. Mmoja alitaja wizi wa karibuni mtaani kwake, mwingine mafunzo aliyopitia. Hivyo hapakuwa na nafasi ya upande wa pili kusema kwamba hawakuumizwa na sheria, au kwamba wangenyimwa kwa sababu nyingine. Kesi nyingi za aina hii hufia hapo hapo: mtu analalamikia sheria wakati hajawahi kuwasilisha ombi.

Walimshtaki mkuu wa polisi wa jimbo na jaji aliyetoa uamuzi, wakitumia sheria ya haki za kiraia ya 1871 inayoruhusu kumfikisha ofisa wa jimbo mbele ya mahakama ya shirikisho. Walijua watashindwa chini, kwa kuwa Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Pili ilishaikubali sheria hiyo katika kesi ya Kachalsky, 2012. Wakashindwa upesi, wakapanda juu. Mtego mwingine ulikuwa umeonekana Aprili 2020: Jiji la New York liliirekebisha kanuni yake ya kusafirisha bastola kesi ikiwa tayari Mahakama ya Juu, na majaji wakasema dai limekwisha. Walalamishi wa kesi hiyo ya jiji hawakuwa wameomba fidia tangu mwanzo. Ukiomba fidia, japo ndogo, si rahisi serikali kukuponyoka kwa kubadilisha kanuni.

Hukumu ilitoka Juni 23, 2022, kwa kura 6 dhidi ya 3, ikaandikwa na Jaji Thomas. Kilichobadilika zaidi ni mzigo wa kuthibitisha. Awali mahakama zilipima faida ya sheria kwa usalama wa umma dhidi ya haki ya mtu. Sasa, kitendo kikiwa ndani ya maneno ya Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yanayolinda haki ya kumiliki na kubeba silaha, serikali ndiyo inayopaswa kuonyesha kwamba sheria yake inafanana na desturi ya kihistoria ya udhibiti wa silaha. New York ilileta Sheria ya Northampton ya Uingereza ya 1328, sheria za dhamana (zilizomtaka anayeshukiwa kuvunja amani aweke dhamana ili abebe silaha) kama ya Massachusetts ya 1836, na sheria ya Texas ya 1871. Hii ya mwisho ndiyo iliyokaribia kufanana, lakini Mahakama iliona ni ya pekee mno kuweza kuitwa desturi. Mimi naona matokeo ni ya haki, kwa kuwa haki isiyotumika mpaka ofisa aridhike si haki. Kipimo chenyewe kinanitia wasiwasi. Jaji Breyer aliuliza katika upinzani wake majaji wasio wanahistoria watafanyaje kazi hiyo, na swali hilo halijapata jibu la kuridhisha. Juni 2024, katika kesi ya Rahimi, Mahakama ililegeza kidogo: inatafutwa kanuni iliyo nyuma ya sheria za zamani, si sheria pacha.

Ukaguzi wa rekodi na mafunzo vilibaki halali. Tanbihi ya 9 ya hukumu, ambayo mawakili wengi huiruka, inasema ada kubwa mno au ucheleweshaji mrefu unaweza kupingwa. New York ilijibu kwa sheria mpya iliyoanza Septemba 2022: mafunzo ya saa 16 darasani na 2 za kufyatua risasi, wadhamini wanne wa tabia, na orodha ndefu ya maeneo yaliyokatazwa. Kifungu cha kutoa akaunti za mitandao ya kijamii kilizuiwa na Kanda ya Pili. Kingine kilichozuiwa ni kile cha kukataza bastola katika mali ya mtu binafsi iliyo wazi kwa umma, kama duka, mpaka mwenyewe aruhusu. Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa iliruhusu katazo kama hilo Hawaii mwaka 2024, na Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ikakubali kusikiliza rufaa hiyo.

Kwa mteja wako, Katiba ya Kenya ya 2010 haina haki ya kubeba silaha, kwa hiyo Bruen haina pa kushika. Shika Kifungu cha 47 cha Katiba hiyo, kinachotoa haki ya hatua za kiutawala zilizo za haki, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015. Omba sababu za kukataliwa kwa maandishi. Ofisi isipozitoa, sheria inachukulia kwamba uamuzi haukuwa na sababu nzuri, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maliza kwanza njia za rufaa za ndani, la sivyo jaji atakurudisha ulikotoka. Nitumie nakala ya barua ya kukataliwa, hata ikiwa ya mstari mmoja, pamoja na tarehe aliyoipokea.

Wako daima.