Kipupwe, uzi wa pamba na mizani iliyosahaulika

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji. Mavuno yameingia ghalani, na hii ndiyo miezi ambayo vikundi vya ufumaji hapa Tabora hupata muda wa kukaa mtamboni. Ndiyo pia miezi ambayo malalamiko ya uzi kukatika huzidi. Wengi humlaumu muuzaji wa uzi, lakini mara nyingi mkosaji ni hewa.

Uzi wa pamba huwa imara zaidi ukiwa na unyevu kuliko ukiwa mkavu. Kati ya Juni na Septemba mvua hakuna na upepo unakausha kila kitu, kwa hiyo nyuzi za mtande (zile za urefu zinazovutwa mtamboni) zinazosuguana kwenye meno ya chanuo, kitana cha mtambo, hutoka manyoya, kisha hukatika. Dawa yake ni kuupaka mtande uji. Koroga gramu 50 za unga wa muhogo uliochekechwa katika lita moja ya maji baridi, chemsha huku ukikoroga mpaka ung'ae, halafu tia kijiko cha chai cha mafuta ya kula. Mafuta hayo msiyaruke: bila mafuta, uji hukakamaa kwa ukavu huu na kudondoka kama mba, na uzi unabaki uchi palepale unaposuguliwa. Paka nyembamba, uache ukauke huku nyuzi zimevutwa. Beseni la maji na gunia bichi chini ya mtambo vinasaidia pia, hasa baada ya saa nne asubuhi.

Kosa la pili ni kutanda kwa kukisia. Chukua mfano wa vitambaa vinne, kila kimoja mita 1.5. Hizo ni mita 6. Ongeza asilimia 10 inayoliwa na mshindio (uzi wa kukingama) unapopindapinda uzi, asilimia 10 ya kusinyaa baada ya kufua, na sentimita 70 zinazobaki mtamboni bila kufumika. Tanda mita 8. Ukitaka upana wa sentimita 60, weka 65 kwenye chanuo. Kwa nyuzi 8 kila sentimita utahitaji nyuzi 520, yaani mita 4,160. Uzi wa 10/2 (nyuzi mbili za namba 10 zilizosokotwa pamoja) una takriban mita 8,400 kwa kilo, hivyo mtande utakula nusu kilo, na mshindio karibu kiasi hichohicho. Anayenunua robo tatu kwa matumaini ya kuongeza baadaye hukuta duka limeleta rangi iliyopishana kidogo, na kitambaa cha nne kinaonekana cha mtu mwingine.

Kwenye rangi ndiko baridi inakoumiza. Nazungumzia ile rangi ya unga ya maji baridi inayoshikwa na sodaashi (soda ya kufulia), si ile ya batiki ya kostiki na haidro. Inaitwa ya maji baridi, lakini maji yakishuka chini ya nyuzi joto 24 haishiki vizuri. Asubuhi za Julai maji ya ndoo hapa huwa chini ya hapo. Tieni rangi mchana, kwa maji yaliyopashwa vuguvugu, beseni likae juani. Kwanza chemsheni nusu kilo ya uzi kwa gramu 20 za sodaashi na sabuni kidogo ili nta ya pamba itoke. Uzi usiochemshwa hutoka na mabaka. Kisha lita 10 za maji, nusu kilo ya chumvi, gramu 10 za rangi (20 kwa rangi iliyokolea). Geuzeni kwa nusu saa. Toeni uzi, tieni gramu 100 za sodaashi iliyoyeyushwa pembeni, rudisheni uzi, ukae saa moja. Soda ya maandazi haitoshi. Na rangi iliyokwisha kutiwa sodaashi msiilaze kwa ajili ya kesho, imekufa.

Wasukaji wa mikeka wana shida hiyohiyo ya ukavu, ila tiba yao ni rahisi: ukindu ulazwe usiku ndani ya kitambaa kibichi, usukwe asubuhi. Ukiloweka chapachapa, ukili (utepe uliosukwa) utasinyaa ukikauka na kuacha mianya.

Unyamwezi ulikuwa na wafumi wake wa pamba katika karne ya 19, kabla merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani, haijajaza masoko, na leo pamba inalimwa Igunga na Nzega. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Vikundi vingi huandika mitambo tu kwenye maombi. Naomba maofisa maendeleo ya jamii wawashauri waandike pia mizani ya gramu, kipimajoto na fremu ya kutandia. Kwa kijiko na kukisia, hakuna kikundi kitakachomrudishia mteja rangi ileile aliyoipenda mwaka jana.

Mfumaji,
Tabora